Ulimi wa Kisu cha Kukunja

Kisu cha kukunja kilichotengenezwa vizuri kikifunguliwa hutoa mlio mmoja mkavu, na wengi hatuulizi umetoka wapi. Ni mlio wa ulimi: kipande chembamba kilichokatwa katika bamba la ndani ya mpini, kikaachwa kimeshika upande mmoja tu, kikapindwa kidogo ili muda wote kitake kuingia ndani. Ubapa ukiwa umekunjwa, ulimi unasubiri ubavuni mwa msuka, yaani shina la ubapa. Ubapa ukifunguka wote, msuka unaupisha, nao unaruka nyuma yake na kuziba njia ya kurudi.

Mtindo huu una umri. Kisu cha mafundi umeme cha jeshi la Marekani, TL-29, kilikuwa na ulimi wa kuzuia bisibisi yake isijikunje mtu akiikandamiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Michael Walker, fundi wa hukohuko Marekani, aliitoa springi ya mgongoni na kuuachia ulimi kazi zote mbili: kukaza kisu kikiwa wazi na, kwa goroli ndogo iliyopachikwa ubavuni mwake, kukishika kikiwa kimekunjwa. Baadaye Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho, aliukata ulimi katika mpini wenyewe wa titani, bila bamba la ndani.

Mikato ni miwili. Mrefu unafuata urefu wa bamba na kuishia kwenye tundu lililotobolewa kwa keekee, maana mkato unaoishia kwenye kona kali ni mwaliko wa ufa. Mfupi unakata kwa upana na kuupa ulimi ncha yake. Anayefanya kwa mkono hubana bamba la titani kwenye jiliwa na kusogeza msumeno polepole, kwa kuwa titani hupata moto upesi na kuua meno. Mkato mfupi haupigwi pale ulimi utakapofanyia kazi, bali mbele kidogo, ili ulimi ubaki mrefu kuliko unavyotakiwa. Ziada hiyo ndiyo akiba yote ya fundi; akiipunguza kupita kiasi, hana pa kuirudisha.

Kisha ulimi unapindwa. Titani ni kaidi, ukiipinda inarudi, kwa hiyo hupindwa kupita kiasi ili irudi kwenye kiasi. Mipini minene ya milimita 3 au 4 hukwanguliwa shinani mwa ulimi hadi ibaki kama milimita 1, la sivyo dole gumba litaumia kila kisu kinapofungwa.

Ila sifa nyingi naziweka kwenye uso wa msuka, eneo ambalo kucha ya kidole cha mwisho inalifunika. Husagwa ubapa ukiwa umekwisha kukazwa kwa moto, kwa sababu moto hupinda vitu. Tena hausagwi wima: huinamishwa nyuzi 7 au 8, pengine 9, ulimi uingie kama kabari chini ya gurudumu la lori mlimani. Ubapa ukisukumwa kurudi, unaubana ulimi na papo hapo unajaribu kuutelezesha pembeni. Kinachouzuia ni msuguano peke yake. Mwinamo ukizidi, msuguano unashindwa na makali yanashuka juu ya vidole. Ukipungua mno, ulimi unajikaba na hautoki bila ugomvi.

Fundi haandiki hesabu hiyo popote. Anapaka wino wa kalamu nene kwenye uso wa msuka, anaunganisha kisu, anakifungua na kukifunga, anakibomoa tena, anatazama. Wino ulipofutika ndipo palipogusana. Anataka pawe chini, mbali na pini ya egemeo. Mguso ukiwa juu, karibu na pini, ubapa utacheza hata kama mlio unapendeza. Basi anapitisha tupa kwenye ncha ya ulimi mara moja au mbili, anafuta unga, anaunganisha upya. Mchana mzima unaweza kuishia hapo, kwenye kazi ambayo mnunuzi hataiona asipokigeuza kisu mgongo chini na kuchungulia kwenye mwanga.

Akichungulia, atazame ulimi umesimama wapi. Ukiishia ukingoni tu mwa msuka, unaweza kuchomoka. Ukivuka katikati, umeshazeeka. Mafundi wazuri huuacha katika theluthi ya kwanza ya upana wa msuka, na hapa ndipo ninapomheshimu Walker kuliko kwenye jambo jingine lolote. Titani ni laini kuliko chuma kilichokazwa, kwa hiyo italika. Kila inapolika, mkunjo wa ulimi unausogeza mbele kidogo kwenye mwinamo uleule, na ubapa unaendelea kukaa imara. Komeo la kawaida likilika hulegea. Hili linalika na kujikaza. Theluthi mbili zilizobaki ni miaka ya kisu, na kila pigo la tupa lililozidi linaipunguza kabla kisu hakijauzwa. (Vile visu vya bei poa vinavyoning'inizwa vibandani, aghalabu ulimi umeshagusa bamba la pili tangu siku ya kwanza. Mlio vinao uleule.)

Siku hizi wengi hufunga kwa skrubu kipande cha chuma kigumu kwenye ncha ya ulimi, kikilika kinabadilishwa. Wengine huipiga titani kwa cheche za umeme zinazoiachia chembe za kabidi ya tungsteni, isinate. Wana hoja: titani tupu hunata kwenye chuma, na kisu kinachogoma kufungwa kinaudhi. Lakini kipande cha kubadilishwa kinamruhusu fundi kuwa mvivu mahali ambapo uvivu hauonekani. Mimi nikipewa kuchagua, nitachukua kile ambacho ulimi na msuka vimekutanishwa kwa tupa na wino, na nitachungulia theluthi zake kabla sijauliza bei.