Nguzo, Kivuli na Bustani: Jinsi Herbert Baker Alivyojenga Chini ya Jua la Ikweta

Herbert Baker, msanifu majengo aliyechora Ikulu ya Nairobi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1862 huko Cobham, katika jimbo la Kent, Uingereza, na akafariki hukohuko tarehe 4 Februari 1946. Aliacha majengo Afrika Kusini, India, Kenya na Uingereza. Mengi kati ya hayo yalifuata usanifu wa kiklasiki uliorithiwa kutoka kwa Wagiriki na Warumi wa kale: nguzo zenye vipimo maalumu, matao, pande mbili zinazolingana, na uwiano kati ya kila sehemu na jengo zima. Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni kwamba alichora nyumba na kiwanja chake kwa pamoja. Kilima, ngazi, kuta za kuzuia udongo, miti na maji viliingia katika mchoro kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Baker alianza kujifunza kazi mwaka 1879 katika ofisi ya binamu yake, Arthur Baker, kisha akajiunga na ofisi ya Ernest George na Harold Peto mjini London. Peto baadaye alipata umaarufu kwa kubuni bustani za mtindo wa Kiitalia. Mwaka 1892 Baker alihamia Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, ambako Cecil Rhodes, waziri mkuu wa koloni hilo, alimkabidhi nyumba ya Groote Schuur aifanyie ukarabati. Mwaka 1900 Rhodes alimgharimia safari ya kwenda kusoma majengo ya kale ya Italia, Ugiriki na Misri. Huko Mediterania nguzo ilikuwa na kazi: ilibeba paa lililowakinga watu na jua na mvua huku upepo ukipita. Fundi anayeelewa asili hiyo anaweza kuisafirisha nguzo hadi Afrika na ikabaki na maana.

Kazi iliyoonyesha mbinu yake kikamilifu ni Union Buildings ya Pretoria, iliyoanza mwaka 1910 na kukamilika mwaka 1913. Jengo hilo lina urefu wa mita 285 na limekaa ubavuni mwa kilima cha Meintjieskop. Msanifu mwingine angesawazisha kilele na kuweka jengo juu yake. Baker aliukata mteremko kwa matuta mapana yanayoshuka ngazi kwa ngazi, akayazuia kwa kuta za mawe yaliyochimbwa palepale kilimani, kisha akajenga ofisi kwa mawe ya mchanga yenye rangi nyepesi. Mabawa mawili yameunganishwa na safu ya nguzo iliyopinda nusu duara, na mbele yake kuna uwanja wa wazi wenye ngazi za kukalia. Kwa hiyo mtu anayepanda kutoka chini hupita bustani, kisha kuta za mawe ghafi, kisha mawe yaliyochongwa, na jengo huonekana kama limechipuka kutoka mlimani.

Mbinu hiyo hiyo ilimletea lawama New Delhi. Alipewa kuchora majengo ya wizara, naye Edwin Lutyens, aliyewahi kuwa pamoja naye katika ofisi ya George na Peto, akachora kasri la mtawala. Baker alitaka majengo yake yakae juu ya kilima sawa na kasri, nalo kasri likasogezwa nyuma. Barabara kuu ilipojengwa, mteremko wake ulilificha kasri kwa mtu anayekaribia kutoka chini. Lutyens alipigania barabara ichimbwe upya ili mwinuko upungue, akashindwa, na urafiki wao ukavunjika. Funzo la kiufundi liko wazi: mstari ulionyooka kwenye karatasi hautoshi. Lazima mwinuko wa ardhi upimwe pia kwa jicho la mtu anayetembea.

Baker aliingia Kenya katika miaka ya 1920, wakati Edward Grigg akiwa gavana. Alichora nyumba ya gavana ya Nairobi, ambayo leo ni Ikulu, na nyumba ya gavana ya Mombasa inayotazama bahari. Alichora pia Prince of Wales School huko Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo sasa inaitwa Nairobi School. Usimamizi wa kazi hizi ulikuwa mikononi mwa mshirika wake, Jan Hoogterp. Katika majengo haya mambo matatu yanastahili kuchambuliwa.

La kwanza ni kivuli. Nairobi, pamoja na miji ya Kitale na Bungoma magharibi mwa Kenya, yote iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Nyumba ya Ulaya ina upande mmoja wa jua, lakini nyumba ya Kanduyi, huko Bungoma, ina pande mbili kwa zamu. Kwenye latitudo hiyo jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 66 hivi kutoka upeo wa macho, hivyo paa linalojitokeza mita 1 nje ya ukuta hutia kivuli zaidi ya mita 2 za ukuta huo. Jua la asubuhi na jioni huja chini sana, na paa peke yake haliliwezi. Varanda pana yenye nguzo husaidia zaidi, na pande za mashariki na magharibi huhitaji madirisha machache pamoja na miti. Kuta nene nazo huchelewesha joto la mchana lisifike ndani, na hutunza vuguvugu usiku unapokuwa wa baridi, jambo lenye uzito Kitale, mji ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari.

La pili ni njia iliyofunikwa. Katika shule na ofisi, Baker alipenda kupanga vyumba kuzunguka ua na kuviunganisha kwa vijia vyenye nguzo au matao. Ua huleta mwanga na hewa pande zote mbili za chumba, na kijia humwezesha mtu kuvuka kutoka jengo hadi jengo mvua ikinyesha. Watu wa Pwani wanaifahamu hekima hii tangu zamani kupitia behewa, yaani ua wa ndani, la nyumba ya mawe na baraza la mlangoni. Kwa Bungoma, ambako mvua kubwa za alasiri ni jambo la kawaida, kijia cha namna hii ni hitaji la kila siku.

La tatu ni bustani. Kwa Baker, mhimili wa jengo haukukoma mlangoni. Uliendelea nje kupitia ngazi, matuta na njia, mpaka kwenye mandhari ya mbali. Karibu na nyumba mistari ilinyooka na vipimo vikawa vikali, na mbali na nyumba miti ikaachwa huru. Matuta yalikuwa na faida nyingine: yalipunguza kasi ya maji ya mvua na kushikilia udongo.

Ustadi huu haufuti historia yake. Majengo kadhaa ya Baker yaliwekwa vilimani ili mamlaka ya kikoloni yaonekane kutoka mbali. Union Buildings ilijengwa kwa ajili ya Muungano wa Afrika Kusini uliowanyima Waafrika walio wengi sauti, na Prince of Wales School ilikuwa ya wavulana wa Kizungu. Lakini matuta yaliyochorwa kwa ajili ya watawala yalikuja kukanyagwa na wananchi. Tarehe 9 Agosti 1956 maelfu ya wanawake waliandamana hadi Union Buildings kupinga sheria za pasi, na tarehe 10 Mei 1994 Nelson Mandela aliapishwa hapohapo.

Leo nguzo za saruji husimama mbele ya nyumba nyingi mpya kandokando ya barabara za Bungoma na Kitale. Mara nyingi zinabeba kipande chembamba cha paa kisichomkinga mtu na jua wala mvua, na kiwanja chote kinapigwa saruji. Huko ni kuchukua sura ya klasiki na kuacha kazi yake. Anayejenga Kanduyi na kutaka kufaidika na urithi huu aanze kwa kupima mteremko na mwelekeo wa jua, aipe varanda upana wa kukalia, aache nafasi ya ua, na apande miti upande wa mashariki na wa magharibi siku msingi unapochimbwa. Fedha zikibaki, ndipo anunue nguzo za mapambo.