Kuunga Sikio Lililovunjika

Trekta ya bustani ni mashine ya Marekani ya baada ya vita. Familia zilihamia pembezoni mwa miji, zikajikuta na kiwanja cha ekari moja au mbili, kikubwa mno kwa mashine ya kusukuma kwa mkono na kidogo mno kwa trekta ya mkulima. Wheel Horse walianzia South Bend, Indiana, mwaka 1946. International Harvester wakatoa Cub Cadet mwaka 1961, ikiwa na injini ya Kohler ya nguvu za farasi 7, na John Deere wakaingia na modeli yao ya 110 mwaka 1963. Vitrekta hivi vilikata majani wakati wa joto, vikasukuma theluji wakati wa baridi, na katikati ya hapo vikalima kijibustani cha mboga nyuma ya nyumba. Vingi bado viko kazini, na wapo wenye navyo wanaovijali kuliko gari wanalokwenda nalo kazini.

Kinachokuja kuviweka juu ya mawe mara nyingi si uchovu wa injini. Ringi zinabadilishwa, kabureta inasafishwa, na mikanda inauzwa madukani mpaka leo. Kinachomshinda mwenye trekta ni sikio, yaani ile sehemu ya bodi ya injini au ya giaboksi iliyotokeza nje na kutobolewa tundu, ambamo bolti hupita kuishikiza kwenye chesi. Injini nzito za zamani zilikuwa za chuma cha kusubu, na masikio yake yalikuwa manene. Kisha mwaka 1953 Briggs & Stratton walileta injini ndogo ya alumini. Ilikuwa nyepesi na rahisi kutengeneza kwa wingi, na haikuchukua muda alumini ikaenea kwenye injini na giaboksi za mashine ndogo za kila aina. Wepesi huo una gharama yake, na bili huja baada ya miaka thelathini au arobaini.

Injini ya silinda moja hutikisika kwa maumbile yake. Ikikimbia mizunguko 3,600 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa injini hizi zikiwa kazini, saa moja ya kukata majani ni mizunguko 216,000, na kila mzunguko unalivuta sikio kidogo huku na kidogo kule. Chuma cha pua kina kiwango cha mvutano ambacho chini yake kinaweza kuvumilia karibu milele. Alumini haina kiwango hicho. Mvutano hata ukiwa mdogo, ukirudiwa mara za kutosha, siku moja ufa utaanza, na alumini ya kusubu haipindi kwanza ikakuonya. Inakatika tu.

Ndiyo maana fundi ninayemheshimu katika kazi hii hashiki tochi ya kuchomelea papo hapo akiletewa kipande kilichovunjika. Anakishika kwa vidole viwili, anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha na kusoma uso wa mpasuko. Upande mmoja utakuwa mweusi, umeshiba oili na vumbi. Hapo ufa ulikuwapo siku nyingi na mwenyewe hana habari. Upande mwingine ni wa kijivu kinachong'aa, chembechembe zinaonekana. Hicho ndicho kilichokatika juzi. Ukiona weusi umekula robo tatu ya uso, ujue sikio lilikuwa limekwisha kufa zamani na lilishikiliwa na kidogo kilichobaki. Baada ya hapo anarudi kwenye trekta yenyewe kutafuta mkosaji. Mara nyingi ni bolti ya sikio jirani iliyolegea au kupotea, mzigo wote ukahamia kwa hili. Au chesi imeliwa na kutu na kupinda, hivyo miguu minne ya injini haikai tambarare, na aliyeikaza kwa spana ndefu aliipinda alumini kwa mikono yake kabla injini haijawashwa. Fundi anayeruka hatua hii atachomelea vizuri sana, na mwakani sikio litakatika tena sentimita moja pembeni ya weldi yake.

Kusafisha kunachukua muda mrefu kuliko kuchoma, na hapa ndipo subira inapoonekana kwa macho. Alumini ya kusubu ina vitundu vidogo vidogo, na kwa miongo mingi vimekunywa oili. Unaifuta kwa asetoni mpaka kitambaa kinatoka cheupe, unaridhika. Kisha unaipasha moto taratibu, na oili inatoka jasho upya kutoka ndani, madoa ya kahawia yanachipua juu ya uso uliodhani ni safi. Unafuta, unapasha tena, inatoka tena, pungufu kuliko mara ya kwanza. Hakuna njia ya mkato iliyo salama, na ipo moja inayoua: zile dawa za kopo za kusafishia breki zenye klorini. Mabaki yake yakikutana na moto na mwanga wa weldi hutoa fosjini, gesi ileile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Fundi mwenye akili hataki kopo hilo liwe hata kwenye meza ya jirani.

Ufa nao una hila, kwa sababu mwisho unaouona kwa macho sio mwisho wake. Unapakwa rangi nyekundu nyepesi inayopenya, unaachwa, unafutwa, kisha unapuliziwa unga mweupe. Baada ya muda mstari mwembamba mwekundu unajichora wenyewe juu ya weupe, na huwa mrefu kuliko ulivyodhani, wakati mwingine umekunja kona na kuingia kwenye ukuta wa injini. Kwenye ncha yake halisi fundi anatoboa tundu dogo ili ufa usiendelee kukimbia, kisha anaufungua wote kwa umbo la V karibu mpaka upande wa pili. Anatumia kikatio cha kabaidi chenye meno mapana. Jiwe la kawaida la grainda huziba kwa alumini na kuacha mchanga wake ndani ya jeraha. Brashi anayopitisha mwisho ni ya waya wa chuma kisichoshika kutu, na haijawahi kugusa kitu kingine ila alumini. Ukiiazima ukasugulie chesi yenye kutu, usiirudishe.

Sasa moto. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Lakini juu yake kuna ngozi nyembamba ya oksaidi ambayo haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,000. Ukipeleka joto bila maarifa, nyama ya ndani inageuka maji huku ngozi ingali imesimama, kisha vyote vinaanguka mezani kwa pamoja. Na chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka, kikakupa taarifa. Alumini kwenye mwanga wa kawaida hubaki na rangi yake ileile mpaka sekunde inayoporomoka. Zaidi ya hapo, hupeleka joto haraka sana, bodi nzima ya injini inalinyonya na kuliiba kutoka mahali unapolihitaji. Basi kabla ya kuchomelea, bodi yote inapashwa mpaka nyuzi 150 au 200 hivi, na fundi anapima kwa chaki maalumu inayoyeyuka kwenye joto linalojulikana, maana jicho halina msaada hapa.

Njia iliyoitoa alumini kwenye ugumu huu ilitokana na ndege. Mwaka 1941, Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop huko California alifanikisha kuchomelea magnesiamu kwa ncha ya tangisteni iliyofunikwa na gesi ya heliamu, ili hewa isiguse kidimbwi cha metali. Leo gesi inayotumika zaidi ni agoni, na kwa alumini umeme unaotumika ni wa AC, unaogeuza mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Upande mmoja wa mkondo huo unapasua ile ngozi ya oksaidi, upande wa pili unachimba joto ndani. Ukivaa kofia ya giza na kusogea karibu utaona kazi hiyo ikifanyika: pembeni mwa kidimbwi kunajitokeza ukanda mweupe wa ukungu, ndio mahali ngozi ilipovuliwa, na katikati metali inatulia ghafla na kung'aa safi. Fundi anasubiri utulivu huo. Usipokuja, hachovyi waya. Anasimama, anapiga brashi, anaanza upya. Ukija, waya wenye silikoni asilimia 5 hivi unaguswa kwenye ukingo wa mbele wa kidimbwi, unaondoka, unaguswa tena, na mshono unajipanga nyuma yake kama ukili wa mkeka. Silikoni hiyo inasaidia metali itiririke vizuri na isipasuke inapoganda, kwa kuwa alumini husinyaa sana ikitoka kwenye umajimaji.

Anachoma kipande kifupi, anahamia upande wa pili, anasubiri. Akimaliza haachi kitu kipigwe na upepo wa mlangoni. Kinafunikwa kwenye majivu au mchanga mkavu wenye joto, na hakiguswi mpaka kesho yake.

Kuna watakaokuambia haya yote ni mbwembwe, kwamba zipo fimbo za zinki zinazoyeyuka chini ya nyuzi 400 kwa tochi ndogo ya gesi, na kwenye maonyesho muuzaji huziba nazo kopo la soda lililotobolewa mbele ya macho yako. Ni kweli zinaziba, na kwa mfuniko uliotoboka sina ugomvi nazo. Kwa sikio linalobeba injini inayotikisika siziamini, na gundi za vichupa viwili ndizo siziamini kabisa. Mbaya zaidi, ukishajaribu zinki au gundi kwanza, umemharibia kazi atakayekuja kuchomelea baadaye. Itabidi achonge uchafu wako wote kabla ya kuifikia alumini.

Ufundi huu haupo Marekani peke yake. Pita kwenye gereji za pikipiki Dar es Salaam, Mombasa au Kampala: Boxer na TVS zina bodi za injini za alumini, zinaanguka, zinagonga mawe, masikio yanakatika, na mafundi wanayarudisha. Tofauti ni kwamba dereva wa bodaboda anaihitaji pikipiki yake jioni hiyohiyo, hivyo ile hatua ya kusoma mpasuko na ile ya kuitoa oili ndizo zinazokatwa kwanza. Mikono ni hodari, muda ndio haupo.

Kazi ya mwisho ni ya tupa. Mahali palipochomelewa huwa laini kuliko metali ya asili, kwa hiyo fundi anaijaza ile kona ya ndani, ambapo sikio linaungana na bodi, na kuiacha ya mviringo na nene kuliko kiwanda kilivyoiacha, kwa sababu kona kali ndiyo iliyouzaa ufa. Kisha analaza rula ya chuma juu ya masikio yote manne, anachungulia mwanga chini yake, anapiga tupa mara mbili tatu, anachungulia tena. Tundu la bolti linatobolewa mwisho kabisa, kwa vipimo vya chesi yenyewe.

Bei ya kazi kama hii huweza kuzidi bei ya trekta nzima inayouzwa kwenye nyasi za jirani, na wapo wanaocheka. Lakini giaboksi ya kubadilishia haitengenezwi tena, na ile utakayoipata kwenye chuma chakavu imeishi maisha yaleyale, pengine na ufa uleule ambao haujakomaa. Mimi naona bei ni halali.

Kama unayo mashine ya namna hii, usingoje kishindo. Inua boneti leo, safisha miguu ya injini uione rangi ya alumini, kisha weka spana kwenye kila bolti, moja baada ya nyingine. Ikiwepo hata moja inayozunguka, usiiwashe mashine mpaka ujue ni kwa nini.