Maji Yasiyopungua: Uhakiki wa Njaa na Mapishi katika Minecraft kwa Mtazamo wa Milima ya Upare

Katika Minecraft, mkate hauhitaji moto. Mchezaji hupanga ngano tatu kwa mstari mmoja juu ya meza ya kuundia vitu, na mkate hutokea papo hapo, bila kupura, bila kusaga, bila kukanda na bila kuni. Nyama na viazi angalau huingizwa katika tanuri, lakini navyo huiva kwa sekunde 10. Kwa kuwa siku nzima ya mchezo huo, mchana pamoja na usiku, ni dakika 20 za saa ya kawaida, sekunde hizo 10 ni sawa na dakika 12 za ndani ya mchezo. Mpishi wa Same anayebandika makande asubuhi ili yaliwe mchana atazishangaa dakika hizo 12, na mshangao wake ni mahali pazuri pa kuanzia uhakiki.

Utanzu wa michezo ya kunusurika humweka mchezaji katika nyika asiyoijua, mikono mitupu, na kumtaka atafute chakula kabla hajafa. Kuuhakiki utanzu huu kwa zana za fasihi si jambo geni. Espen Aarseth, katika kitabu chake cha mwaka 1997, aliiweka michezo ya kompyuta katika kundi moja na matini zinazomdai msomaji atende ndipo zisomeke. Ian Bogost, mwaka 2007, alikwenda mbele zaidi na kudai kwamba mchezo una balagha yake, na kwamba balagha hiyo haimo katika maneno na picha pekee bali katika kanuni: kile ambacho kanuni inakiruhusu, inakikataza na kukitoza gharama ndicho hoja ya mchezo. Kinachohojiwa hapa ni hoja ya Minecraft kuhusu chakula, ikisomwa kutoka Wilaya ya Same, mahali ambapo Milima ya Upare inasimama juu ya nyika kavu inayoelekea Mkomazi. Mahali hapo hapakuteuliwa kwa ajili ya mapambo. Kwa vizazi vingi chakula cha huko kimekuwa suala la maji ya mfereji na la zamu ya jirani, na ni hayo mawili ambayo Minecraft imeyaacha nje.

Njaa haikuwamo katika mchezo huo tangu mwanzo. Minecraft, kazi iliyoanzishwa na Markus Persson wa Uswidi, ilitolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2009, na kwa zaidi ya miaka miwili chakula kilikuwa dawa tu: mchezaji aliyejeruhiwa alikula, uhai wake ukarejea. Toleo la majaribio la 1.8, la Septemba 2011, ndilo lililoleta kipimo cha njaa, yaani mapaja 10 ya nyama yaliyochorwa sehemu ya chini ya skrini, yenye jumla ya pointi 20. Nyuma yake kuna kipimo cha pili kisichoonekana, cha shibe, kinachoamua mlo utadumu kwa muda gani kabla mapaja hayajaanza kupungua. Mkate hutoa pointi 5; nyama mbichi ya ng'ombe 3, na ikiokwa 8. Hapa pana sifa ya kutolewa bila kinyongo. Mtu aliyewahi kunyweshwa uji mwepesi akaambiwa amekula anaijua tofauti kati ya tumbo lililojaa na mwili ulioshiba. Waundaji wa mchezo waliiona tofauti hiyo na kuipa hesabu yake.

Hata hivyo, njaa hiyo ina tabia ya ajabu. Mchezaji akisimama tu mahali pamoja, haimpati. Huja kwa kukimbia, kuruka, kupigana na kuchimba. Njaa basi ni gharama ya kutenda na wala si hali ya kuishi. Tena huua katika ngazi ya juu ya ugumu peke yake. Katika ngazi ya kati humwachia mchezaji nusu ya moyo mmoja, na katika ngazi ya amani haipo kabisa. Mchezaji anaichagua njaa yake kama anavyochagua sauti ya muziki. Kiu haimo katika ngazi yoyote.

Don't Starve, mchezo uliotolewa na Klei Entertainment ya Kanada mwaka 2013, ni mkali zaidi. Mhusika wake wa kwanza, Wilson, ana pointi 150 za tumbo na hupoteza 75 kila siku, atende asitende. Siku ya mchezo ni dakika 8, kwa hiyo asipokula kabisa ataanza kudhoofika baada ya dakika 16. Chakula chake huchakaa na mwishowe huoza, na chungu chake hakiivishi kitu mpaka kitiwe viambato vinne. Hapo mpishi wa Upare anaanza kujitambua: kuna hesabu ya kilichopo, kuna cha kujazia chungu, kuna kinacholiwa leo kwa sababu kesho hakitafaa. Lakini neno kiporo halina nafasi humo. Kiporo ni chakula kilicholala kikimngoja mtu. Kwa Wilson, kulala kwa chakula ni hasara tupu.

Makande, mlo ambao Watanzania wengi huuhusisha na Wapare, ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Maelezo hayo mafupi yanaficha kazi nyingi. Mahindi makavu hutwangwa yatoke ganda, hupepetwa, hulowekwa. Maharage, kulingana na umri wake tangu yavunwe, yana mwendo wake wa kuiva usiolingana na wa mahindi, na mpishi lazima ajue kipi kitangulie chunguni. Moto hauachwi uwake sana wala hauachwi uzimike. Huu ni upishi wa saa nyingi, na kwa sababu hiyo ni shida kuupikia mtu mmoja, kwani nani atateketeza kuni za asubuhi nzima kwa bakuli moja? Chungu cha makande kimekwisha kuwahesabu walaji kabla hakijabandikwa, akiwamo mpita njia na atakayekula kiporo cha kesho. Minecraft haina mahindi, wala maharage ya kupika, lakini upungufu huo ni mdogo, kwa kuwa wachezaji wenye ujuzi huongeza mazao mapya kwa programu za ziada. Kisichoongezeka kirahisi ni mlaji wa pili. Karibu kila mlo katika mchezo huingia katika tumbo moja, tumbo lilelile lililoutafuta na kuupika. Keki peke yake, yenye vipande 7 na inayoliwa mahali ilipowekwa, inakaribia kuwa sinia. Nayo ikishawekwa haibebeki tena, jambo linaloifanya kuwa chakula kibovu kwa mtu asiyetulia.

Kasoro kubwa zaidi imo katika maji. Mchezaji akichimba shimo la miraba minne na kumwaga ndoo mbili za maji katika pembe mbili zinazokabiliana, amepata chemchemi ya milele: atachota, na pengo litajaa lenyewe. Mraba mmoja wa maji ukiwekwa katikati ya shamba hulowesha miraba 80 inayouzunguka, na haupungui kwa kulowesha. Kwa kanuni hizo mbili, swali zito kuliko yote ya kilimo cha ukanda mkavu limefungwa kabla halijaulizwa. Linalobaki ni mchezaji kungoja ngano ikomae.

Ndiva ni kinyume chake. Ni bwawa dogo la jadi, lenye ukingo wa udongo na mawe, linalokusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani kwa mifereji. Katika Upare Kusini mabwawa hayo yana asili katika koo, na usimamizi wake leo uko zaidi mikononi mwa kamati za watumiaji. Maji ya ndiva huisha. Yakiisha, anayefuata katika zamu hurudi nyumbani na jembe lake begani. Ndiyo maana zamu hupangwa na kujulikana mapema, na ndiyo maana anayekwepa msaragambo wa kuzoa tope na kuzibua mfereji huweza kutozwa faini, au zamu yake ikifika akarukwa. Shamba la mtu mmoja halisomeki bila orodha ya majirani zake.

Katika bonde la Mto Makanya suala hili linaonekana kwa kufuata mteremko wenyewe. Juu, Vudee, ndiko maji yanakoanzia. Katikati, Bangalala, ndiva huyagawa. Chini kabisa, kwenye tambarare ya Makanya, mkulima hungoja mafuriko yanayoshuka kutoka mlimani wakati wa mvua ili ayaelekeze shambani kabla hayajapita. Anachokula mtu wa chini kinategemea mvua, ndiyo, lakini kinategemea pia kilichoamuliwa na watu wa juu ambao huenda hajawahi kuketi nao. Mbegu, jembe na bidii, vitu ambavyo Minecraft huvituza bila kukosa, havimtoshi. Utani wa Watanzania humsema Mpare kuwa bahili. Mtani anayeijua ndiva angelitafuta neno jingine kwa mtu aliyekulia katika hesabu ya kitu kinachokwisha.

Mtu anaweza kujibu kwamba Minecraft inao majirani. Ni kweli, vimo vijiji vyenye wanakijiji, na wakulima miongoni mwao hulima, huvuna na kuwarushia wenzao chakula. Lakini kanuni inayomhusu mchezaji ni ya kutisha ikisomwa polepole. Anaweza kuingia katika shamba la kijiji, akavuna viazi na ngano yote, akaondoka, na hakuna atakayemdai. Akimpiga mwanakijiji, sifa yake hushuka na bei za biashara humpandia. Akila jasho lake, hakuna kinachotokea. Chakula, kwa mujibu wa kanuni hiyo, ni cha aliyekifikia. Amartya Sen, akiandika mwaka 1981 juu ya umaskini na baa la njaa, alionyesha kwamba watu wanaweza kufa njaa mahali ambapo chakula kipo, kwa kuwa hawana haki inayotambulika ya kukipata. Minecraft inaigeuza hoja hiyo juu chini. Humo kila kilichopo ni halali ya mchezaji, na njaa hubaki kuwa kosa la mzembe aliyesahau kubeba mkate. Hii ndiyo balagha ambayo kijana wa Same huipokea pamoja na burudani yake bila kuelezwa: kwamba aliyelala njaa hakutafuta vya kutosha. Ni dai la uongo kwa Makanya, na linastahili kuitwa hivyo hata na wanaoupenda mchezo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Minecraft huchezwa pia na watu wengi kwa pamoja, na kundi linaweza kujiwekea ghala, mgao na adhabu. Zaidi ya hapo, mwaka 2012 kampuni ya Mojang na shirika la UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, waliungana katika mpango wa Block by Block, ambao uliutumia mchezo huo kuwashirikisha wakazi katika kubuni maeneo ya umma, na Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Mfano huo unathibitisha kwamba mchezo unaweza kubeba mjadala wa jamii. Lakini uwezo uliotumiwa huko ni wa kujenga. Mapaja 10 ya njaa hayakuwa na kazi. Na katika ghala la kundi, mgao ni hiari ya wachezaji: wakichoka kuelewana, kila mmoja huchimba shimo lake la miraba minne, humwaga ndoo zake mbili, na ushirika umekwisha bila yeyote kupungukiwa. Bangalala hakuna mlango huo wa kutokea.

Mabadiliko yanayohitajika si makubwa kwa waundaji wa programu za ziada. Kuongeza zao la mahindi na mchoro wa chungu, kama ilivyo kawaida, hakutagusa kiini. Inatosha maji yapungue kadiri yanavyochotwa, na mfereji uwe na watu wanaokumbuka nani alikuja msaragambo na nani hakuja. Katika mchezo wa namna hiyo mchezaji angeamka alfajiri na kuikuta ndiva imejaa, ngano yake imeanza kunyauka, ndoo anayo mkononi, na zamu ni ya mwanakijiji aliyekwisha kusimama kwenye mlango wa bwawa na jembe lake.