Mawaziri kumi kwa jimbo, na Kinshasa je?

Bandugu, tarehe 23 Oktoba 2024 Rais Tshisekedi alisema hapa kwetu Kisangani kwamba ataunda tume ya kufikiri juu ya katiba mpya. Tangu siku ile, kila tukikutana sisi wenye kumaliza masomo, kuna mwenye kurudilia wazo moja: tuandike ndani ya katiba kwamba matumizi ya Leta yasipite kiasi fulani, na feza itabakia kwa barabara na kwa mishahara ya walimu. Mimi pia nililipenda wazo hilo. Leo nalipinga vile linavyosemwa.

Kwanza, kikomo tuko nacho tayari. Kifungu cha 198 cha katiba ya 2006 kinasema mawaziri wa jimbo hawawezi kupita kumi. Vizuri. Lakini katiba ile ile, kifungu cha 2, iliweka majimbo 25 pamoja na mji wa Kinshasa. Ugawaji ulipofanyika mwaka 2015, Orientale yetu ikawa majimbo manne: Tshopo, Ituri, Haut-Uele na Bas-Uele. Fanyeni hesabu: pale mwisho ulikuwa mawaziri kumi, leo wanaweza kufika arobaini, tena na magavana wanne na mabunge manne. Hakuna aliyevunja sheria, na mzigo umezidi.

Sisemi ugawaji ulikuwa mubaya. Mtu wa Buta hana tena sababu ya kufika Kisangani kwa kila karatasi. Nasema tu kikomo kile kinahesabu vichwa, hakihesabu franga. Na hata vichwa viko na mlango wa nyuma: majimbo kadhaa yanaweka makomiseri wakuu pembeni ya mawaziri, halafu washauri. Hao katiba haiwahesabu.

Pili, kikomo ni cha nani? Kwa serikali ya Kinshasa katiba haikuweka idadi yoyote. Ile ya Judith Suminwa, iliyotangazwa Mei 2024, ilikuwa na watu 54. Na kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inakatwa palepale inapopatikana. Kumbe vile tunavyoishi, Kinshasa inakusanya kwanza, halafu inarudisha inachotaka, siku inayotaka. Basi jimbo linafungwa mikono juu ya feza ambayo halijaipata, na mwenye sanduku hafungwi.

Tatu, wenzetu wanapenda mfano wa Colorado, kule Marekani. Ni kweli, mwaka 1992 wapiga kura wa kule waliandika kikomo ndani ya katiba yao: feza ambayo jimbo linaweza kubakisha na kutumia iongezeke kwa kufuata bei za vitu na wingi wa watu. Mwaka 2005 wapiga kura wenyewe wakakisimamisha kwa miaka mitano, sababu kilibana sana. Sasa sisi tutafuata wingi gani wa watu? Hesabu ya mwisho ya watu nchini ilifanyika 1984. Wengi wenye kusoma hapa hawakuwa wamezaliwa. Hauwezi kupima na kipimo ambacho hauna.

Kwa hiyo, tume ikituuliza maoni, tusiombe asilimia nzuri ya kuandika kwa karatasi. Tuombe vitu vitatu: Kinshasa nayo ipewe idadi ya mawaziri, zile 40 zikatwe kweli palepale, na kila mwaka gavana aonyeshe hesabu ya franga zilizotumika, Korti ya Hesabu izipitie, na watu wazisome.

Na hata hivyo, zile 40 ziko ndani ya katiba tangu 2006. Mwenye kutuletea katiba mpya atujibu kwanza: nani aliadhibiwa kwa kutofuata hii ya zamani?