Ubuntu Mpya, Mipangilio Ileile: Kompyuta ya Mkongani Ilivyorejeshwa

Kusakinisha Linux upya si kazi ngumu. Kazi ni kumrudishia mwenyewe kompyuta anayoitambua: kurasa alizohifadhi, nywila zake, printa yake. Na kazi hiyo hufaulu au huharibika kabla diski haijafutwa.

Laptopu tunayoichambua iko Mkongani, Kwale, na hutumika kuandikia barua na kutunzia hesabu. Ilikuwa na Ubuntu 22.04. Betri yake ilikuwa imekufa, na umeme ukakatika katikati ya masasisho. Tangu hapo haikuwaka hadi mwisho. Katika hali hiyo huanzwa na `dpkg --configure -a`, amri inayomalizia programu zilizoachwa nusu, na mara nyingi hutosha. Hapa haikutosha, ndipo ikaamuliwa kuweka Ubuntu 24.04.

Faili la usakinishaji lina karibu GB 6, mzigo mkubwa kwa bando la simu. Lilipakuliwa mjini Kwale na kuhakikiwa palepale kwa `sha256sum`, maana faili lenye kasoro likigunduliwa Mkongani ni nauli nyingine.

Laptopu iliwashwa kwa flashi iliyoandikwa faili hilo, diski ya ndani ikafunguliwa bila kubadilishwa chochote. Vitu vitatu vilichukuliwa. Cha kwanza ni folda yote ya mtumiaji chini ya `/home`, pamoja na mafaili yaliyofichwa ambayo majina yake huanza na nukta. Humo ndimo mnamokaa mipangilio: `.config`, `.local/share`, `.ssh`. Wengi hukosea kwenye Firefox. Katika Ubuntu 22.04 Firefox huja kama snap, na kumbukumbu zake zimo `snap/firefox/common/.mozilla`; anayenakili `.mozilla` ya kawaida peke yake huenda akaondoka mikono mitupu.

Cha pili ni orodha ya programu zilizowekwa kwa hiari, inayotolewa na `apt-mark showmanual`. Cha tatu ni vitu vilivyo nje ya `/home`: mipangilio ya printa katika `/etc/cups`, na nywila za Wi-Fi katika `/etc/NetworkManager/system-connections`.

Namna ya kuhifadhi nayo ina uzito wake. Flashi ya FAT32 haitunzi umiliki wala ruhusa za mafaili, na haipokei faili moja linalofika GB 4. Kwa hiyo folda ilifungwa kwa `tar` na kuwekwa kwenye diski ya nje ya ext4. Ruhusa zikipotea, ufunguo wa siri wa SSH hukataliwa hata kama maandishi yake ni mazima, kwa sababu programu hiyo haikubali ufunguo unaoweza kusomwa na watu wengine.

Wakati wa kusakinisha ulichaguliwa mpango mpana, ili LibreOffice itoke kwenye flashi badala ya kula bando. Mtumiaji alipewa jina lilelile na akawa wa kwanza kuundwa. Ubuntu ikampa namba 1000 kama zamani, na mafaili yake yakamtambua.

Kishawishi kinachofuata ni kumwaga kila kitu mahali pake kwa mkupuo. Hilo silishauri. `.config` nzima inaweza kurudisha mipangilio ya matoleo ya zamani isiyopatana na mapya, na hitilafu ikitokea hutajua imeletwa na faili lipi. Nyaraka zilirudi kwanza, zikafuata Firefox, `.ssh`, kisha LibreOffice. Kila hatua programu ikifunguliwa na kujaribiwa. Mwonekano wa skrini uko katika `.config/dconf/user`, faili lisilosomeka kwa macho. Kwa `dconf dump` hugeuka maandishi, ukachagua unachokitaka na kukirudisha kwa `dconf load`. Printa iliongezwa upya, mafaili ya zamani yakitumika kusomea anwani yake tu.

Yote haya yaliwezekana kwa kuwa diski yenyewe ilikuwa nzima. Ingekuwa imekufa, hakuna amri hata moja kati ya hizi ambayo ingesaidia. Basi mwenye kompyuta inayofanya kazi leo afunge folda yake kwa `tar`, aandike orodha ya programu zake, aviweke nje ya kompyuta, na arudie kila mwezi.