Mrija Unaoulizwa Swali Moja

Tangu mwaka 1972, katika eneo la SACROC huko Texas, kaboni dioksidi husukumwa ardhini ili kutoa mafuta ambayo maji yameshindwa kuyatoa. Kazi kama hiyo hutanguliwa na swali: kwa shinikizo gani gesi na mafuta vitachangamana hata pasibaki mpaka kati yake? Shinikizo likiwa dogo, gesi hutoboa njia yake na kuyaacha mafuta yamenasa mwambani. Likizidi mno, mwamba wenyewe huweza kupasuka.

Kifaa kinachojibu ni mrija wa chuma cha pua wenye kipenyo cha milimita 6 hivi na urefu wa mita 12 au zaidi. Huzungushwa kama koili, hushindiliwa mchanga au shanga ndogo za kioo, hujazwa mafuta na kupashwa joto lilelile la ardhini. Kisha gesi huingizwa polepole, na mafuta yanayotoka hupimwa.

Ninachokistaajabia ni kwamba mrija huu haujaribu hata kidogo kuuiga mwamba. Wembamba wake huizuia gesi isipenye kwa vidole na kuyapita mafuta. Urefu wake huipa nafasi ya kukutana nayo tena na tena, kwa kuwa gesi hii kwa kawaida haichangamani na mafuta papo hapo. Huyanyonya mafuta sehemu zake nyepesi, hutajirika, husonga mbele, hukutana na mafuta mapya, hadi tofauti kati yao inatoweka. Ni ubunifu mkubwa kuona kwamba jambo hilo lilihitaji njia ndefu.

Jaribio moja huweza kula siku nzima. Mrija husafishwa kwa kiyeyusho, hujazwa upya, shinikizo hupandishwa. Kwenye grafu, kiasi cha mafuta yaliyotoka hupanda kwa kasi, kisha mstari hupinda na kulala, mara nyingi juu ya asilimia 90. Jibu limo pale panapopinda, na hapo ndipo fundi hodari hujulikana: akiona vipimo vyake viko mbalimbali karibu na kona, harefushi mistari kwa rula, huosha mrija na kuanza tena.

Zipo njia za haraka, kama kutazama kipovu cha gesi kikipanda ndani ya mafuta, na milinganyo inayokadiria kwa kutumia joto na aina ya mafuta. Zinafaa sana kuchuja. Lakini gesi ya mradi ikiwa imechanganyika na naitrojeni au methani, shinikizo linalohitajika hupanda, na mlinganyo uliotungwa kwa gesi safi utapotosha. Mrija hupewa gesi ileile itakayokwenda kisimani.