Stadi Ile Haikuhitaji Izauti

Kwenye ile bloku ya injini ya 2F ya Land Cruiser kazi ilikwenda vizuri hadi boksi la izauti, vile vyuma vya kung'olea boliti zilizokatika, lilipofunguliwa. Kupiga brashi ya waya, kulowesha usiku kucha, kupiga senta: safi. Lakini kuichomeka izauti kwenye stadi ya pampu ya maji iliyogandishwa na kutu kulikuwa kosa, na kosa lilikuwepo hata kabla izauti haijakatika. Hesabu yake nyepesi. Stadi ilikuwa nzima na nene, kutu ikaing'ang'ania mpaka ikakatikia shingoni. Sasa unatoboa tundu katikati yake, unaingiza kitu chembamba zaidi, halafu unategemea chembamba kibebe nguvu iliyokishinda kinene? Tena izauti imechongoka kama kabari: kadiri unavyoikaza, ndivyo inavyotanua kuta za stadi na kuzibana zaidi kwenye nyuzi za bloku. Ikikatika, inakuachia chuma kigumu ambacho biti ya kawaida inateleza tu juu yake. Safu hii imeyapigia kelele maboksi hayo mara ngapi? Yana kazi yake: boliti iliyokatwa kwa kukazwa mno, nyuzi zikiwa bado huru. Iliyoshikwa na kutu, hapana.

Mafundi wazee wa Gerezani, Dar es Salaam, wangechomelea nati. Unaikalisha juu ya kisiki cha stadi, unajaza weldi tunduni, unaacha ipoe, kisha unatikisa mbele na nyuma bila pupa. Kinachofanya kazi hapo ni moto zaidi kuliko spana: stadi ikipata joto hutaka kutanuka, bloku inaibana, ikipoa inasinyaa na kutu inaachia. Watasema weldi hupasua bloku. Hupasua ukiichoma bloku yenyewe. Hapa moto unakaa kwenye kisiki, kwa sekunde chache. Watasema kisiki kilizama chini ya uso. Basi kijengwe kwa weldi, kidogo kidogo, hadi kichomoze. Na asiye na mashine ya weldi apanue tundu hatua kwa hatua: kwa stadi ya M10 yenye nyuzi za kawaida, biti ya milimita 8.5 huacha ganda la nyuzi tu, la kuchokonoa kwa ncha. Njia hiyo inadai senta iliyopigwa katikati barabara, na senta ilikuwepo. Sasa katikati hapo kumeketi kipande cha izauti.